Karatasi Tatu za Mlima Elgon: Shajara ya Kuitambua Likopodi

Siku ya kwanza: Nakuru hadi Kericho

Safari hii ilianzia kabatini. Katika maabara ya shule ninakofundisha baiolojia hapa Nakuru mna karatasi tatu zenye mimea iliyobanwa na kukaushwa zamani, zote zimeandikwa "Mlima Elgon" kwa wino uliokwisha kupauka, na kila moja ina jina lake la kisayansi. Mmea wa karatasi ya kwanza ni mfupi na mnene kama kidole gumba, majani yake yamelaliana kama vigae vya paa, na rangi yake imeelekea wekundu. Wa pili ni mrefu zaidi ya mara mbili ya huo, na majani yake yamesimama mbalimbali. Wa tatu uko katikati ya hao wawili kwa unene, nao unaishia kwa ncha nyembamba. Kwa miaka tisa nimewaeleza wanafunzi kwamba hizo ni spishi tatu, kwa sababu lebo zilisema hivyo, mpaka muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha tatu aliponyosha mkono akauliza, "Mwalimu, tumejuaje kwamba huu mfupi si ule ule mrefu uliokulia mahali pagumu?" Nilitafuta jibu lenye ushahidi nikalikosa, na swali lile halikuniacha tena.

Mimea yenyewe ni likopodi. Wapo wanaoiona wakaiita kuvumwani, na wapo wanaodhani ni kangaga changa, lakini si hiki wala kile. Kuvumwani haina mishipa ya kupitishia maji, ilhali likopodi inayo. Kangaga lina majani mapana yenye mishipa mingi iliyotawanyika, ambapo kila jani la likopodi, dogo kama sindano au gamba, lina mshipa mmoja tu unaopita katikati. Haitoi ua wala mbegu, bali huzaa kwa spora, vumbi la manjano linalokomaa ndani ya vifuko vyenye umbo la figo, kifuko kimoja kwa kila jani linalozaa. Ukoo wake ulitengana na ukoo wa mimea mingine yote yenye mishipa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na jamaa zake wa kale walikuwa miti ya mita 30 na zaidi, ambayo mabaki yake yamechangia sehemu kubwa ya makaa ya mawe yanayochimbwa Ulaya na Marekani. Kilichobaki kwetu ni mimea ya kukanyagwa, na pengine ndiyo maana haina hata jina la Kiswahili linalojulikana na wengi.

Nimechagua kupitia Kericho badala ya kwenda moja kwa moja Kitale kupitia Eldoret, kwa sababu nilitaka kuyazoesha macho yangu likopodi iliyo rahisi kabla ya kuikabili iliyo ngumu. Kwenye ukingo mwekundu wa barabara uliokatwa kando ya shamba la chai, mahali maji yanapochuruzika, niliikuta Palhinhaea cernua, mmea ulio kama mti mdogo wa msonobari usiofika kiunoni, ambao kila kitawi chake huishia kwa koni ndogo, yaani kishada cha majani yanayobeba vifuko vya spora, iliyoinamisha kichwa. Neno la Kilatini cernua lina maana hiyo hiyo ya kuinama. Spishi hii imeenea katika nchi za joto duniani kote, nayo hurefuka au kufupika kadiri ya unyevu, lakini ile koni iliyoinama haibadiliki, na mtu akiitazama hiyo hapotei. Nikaandika katika daftari swali la kwanza la safari: katika likopodi za Elgon, ni kiungo gani kisichobadilika?

Siku ya pili: Kericho, Kisumu, Kitale

Siku ya barabara. Tuliteremka hadi Ahero na Kisumu, kisha tukapanda tena kupitia Kakamega na Webuye, nikafika Kitale jua likitua. Hapakuwa na la kuokota, basi jioni nilikaa na majina.

Majina ya mimea hii yana historia ndefu, na mtu asipoijua atadhani wataalamu wanabahatisha. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliziweka likopodi kama hizi katika jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana), Lycopodium, yaani mguu wa mbwa mwitu. Lamarck wa Ufaransa ndiye aliyeupa jina la saururus, mkia wa mjusi, mmea ninaoshuku kuwa ndio uliomo katika karatasi yangu ya kwanza. Mwaka 1987 Benjamin Øllgaard wa Denmaki aliigawa familia katika jenasi nne, akatenga zile zisizo na koni katika Huperzia, na mwaka 2016 kundi la wataalamu wa kangaga na likopodi kutoka nchi nyingi, wakizingatia pia ushahidi wa vinasaba, lilichapisha mpangilio wenye jenasi 16 na spishi 388. Katika mpangilio huo wa sasa, Huperzia nyingi za nchi za joto zinaitwa Phlegmariurus. Kwa hiyo mmea mmoja wa Elgon unaweza kukutwa katika vitabu kama Lycopodium saururus, Urostachys saururus, Huperzia saururus na Phlegmariurus saururus, na majina yote manne yakawa ni ya mmea huo huo mmoja.

Nilizitoa picha za karatasi zangu nikazisoma lebo upya. Ya kwanza ina jina la Lycopodium, ya pili ina la Urostachys, ya tatu ina la Huperzia. Wazo lilinijia kwamba labda walioandika lebo hizo walikuwa wakitumia vitabu vya nyakati tofauti, wala hawakuwa wakitofautisha mimea mitatu. Lakini hilo lilikuwa wazo tu, kwa sababu majina ya pili ya spishi hayakufanana. Ni mmea wenyewe utakaoamua.

Siku ya tatu: Endebess na lango la Chorlim

Asubuhi tulipita Endebess tukafika lango la Chorlim. Nilikuwa na kibali cha utafiti na ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ya kuchukua vipande vichache, na afande aliyepewa kazi ya kutusindikiza alizisoma karatasi zote neno kwa neno kabla ya kukubali, jambo lililonipendeza, maana mimea ya mlimani haikui upesi na haistahili kung'olewa na kila apitaye. Pamoja nasi alikuwapo mzee wa Kisabaot, mwenyeji wa Endebess, ambaye ameupanda mlima huu tangu ujana wake.

"Unatafuta dawa, mwalimu?" aliniuliza.

"La, mzee. Natafuta kujua kama mimea mitatu ni mmoja."

Alifikiri kidogo, akasema kwamba ndama wa ng'ombe mmoja huwezi kuwajua kwa rangi, unawajua kwa mama yao. Sikuelewa siku hiyo alikuwa amenipa njia.

Tulipanda kwa gari katikati ya mizeituni mwitu na podo kubwa, kisha tukaingia mianzi, na kwa kuwa mvua ilitishia hatukusimama. Kwenye matawi ya juu niliona vitu vinavyoning'inia kama nywele za kijani kibichi, nikaahidi kuvitazama wakati wa kurudi. Tulipiga hema pale njia ya gari inapokoma.

Siku ya nne: Katika vichaka vya erika

Huku juu erika, ambayo kwingine ni kichaka, huwa mti uliopinda wenye ndevu za lichen. Chini yake, kwenye udongo mweusi ulio laini, tulikuta likopodi ya kwanza ya mlima, nayo haikuwa niliyoitafuta. Ilikuwa Lycopodium clavatum. Shina lake hutambaa juu ya ardhi kwa urefu unaozidi hatua moja, likitia mizizi hapa na pale. Kila jani lina unywele mrefu mweupe kwenye ncha, hivi kwamba ncha changa huonekana kama zimefunikwa na pamba. Na koni zake husimama juu ya vikonyo virefu, mbili au tatu pamoja, mfano wa rungu. Clavatum ni neno la rungu.

Niligonga koni moja iliyokomaa juu ya kiganja na vumbi la manjano likamwagika. Afande alishangaa nilipomwagia maji mkononi na maji yakabingirika bila kulowesha lile vumbi. Spora hizi huyakataa maji, na ndiyo sababu wauza dawa wa zamani wa Ulaya walipaka vidonge unga wake ili visishikamane. Huwaka pia kwa mwako wa ghafla ukizipuliza juu ya moto, na waigizaji wa jukwaani walizitumia kutengeneza radi ya uongo.

Hata clavatum hubadilika. Penye jua vikonyo vya koni vilikuwa vifupi, na chini ya erika vilirefuka na shina likawa jembamba. Lakini unywele wa ncha ya jani na kutambaa kwa shina vilikuwapo kila mahali tulipotazama. Kwa kuwa karatasi zangu zote tatu hazina unywele wala koni, niliweza kuiondoa spishi hii katika shauri kwa uhakika.

Alasiri, chini ya mwamba ulioegemea, mzee aliniita. Alikuwa amesimama mbele ya fungu la mashina marefu ya kijani, yamesimama wima kama mishumaa, majani yametawanyika. Ulikuwa mmea wa karatasi yangu ya pili. Nilipiga magoti nikauchunguza kwa lenzi. Shina halikutambaa, lilijipinda kidogo tu pale chini, kisha likainuka. Kila lilipogawanyika liligawanyika panda, matawi mawili yaliyo sawa, si tawi kubwa lililozaa dogo. Hapakuwa na koni hata moja: vifuko vya spora vilikaa katika makwapa ya majani ya kawaida kabisa, na jani lenye kifuko halikutofautiana na jani lisilo nacho. Niliandika mambo hayo matatu na kuyapigia mstari.

Siku ya tano: Koitobos

Tuliondoka giza likiwapo, na maji ya chupani yalikuwa yameshika barafu juu. Kilele cha Koitobos kina mita 4,222, nacho kiko upande wa Kenya. Wagagai, wenye mita 4,321, uko Uganda. Njia inapita katikati ya Dendrosenecio elgonensis, miti yenye vichwa vya majani kama kabichi, ambayo haipatikani nje ya mlima huu kwa asili. Likopodi huishi hapa na jua kali linalochoma mchana na baridi inayogandisha ardhi kila usiku, na mtu akihisi upepo ule usoni haulizi tena kwa nini mmea ungependa kujikunja na kuwa mfupi.

Na kweli, karibu na ukingo wa juu, kati ya mawe, ilikuwapo karatasi yangu ya kwanza ikiwa hai: vishina vinene, vifupi, majani magumu yaliyolaliana, upande wa jua ukiwa na rangi ya shaba. Mtu akiuweka kando ya mmea wa jana bila kujua yaliyo katikati, ataapa kuwa ni spishi mbili. Ndivyo alivyofanya aliyeandika lebo zangu, na simlaumu, maana alikuwa na vipande viwili tu mezani.

Hatukuwa na sababu ya kufanya alivyofanya. Tulianza kuteremka polepole, na kila kifaa changu cha kupimia mwinuko kilipoonyesha tumeshuka mita 50, tulisimama tukatafuta mafungu yaliyo karibu, tukapima urefu wa shina, urefu wa jani katikati ya shina, na pembe ambayo jani linafanya na shina. Tulichukua ncha moja tu katika fungu, tukaacha mengine. Afande ndiye aliyeandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kama zingekuwa spishi mbili, nilitarajia kwamba mahali fulani vipimo vingeruka, kwamba tungekuta vifupi hapa na virefu pale na pengo katikati. Pengo halikuonekana. Jani lilirefuka kidogo kidogo, likajitenga na shina kidogo kidogo, na wekundu ukafifia hatua kwa hatua mpaka tukafika kwenye erika.

Hata hivyo kuna hoja moja ambayo mfululizo wa namna hiyo hauijibu. Spishi mbili zikizaliana mpakani huweza kutoa machotara yanayojaza pengo, na mtazamaji akadanganyika. Nilikuwa nikiliwaza hilo mzee alipopiga jiwe kubwa kwa fimbo yake. "Mwalimu, njoo utazame huyu mama."

Fungu moja lilikuwa limeota kwenye ukingo wa jiwe, nusu yake ikiwa juani na nusu ndani ya kivuli chenye unyevu. Mashina ya upande wa jua yalikuwa mafupi, mekundu, yenye majani yaliyolaliana. Ya upande wa kivuli yalikuwa marefu, ya kijani, majani mbalimbali. Niliondoa udongo taratibu kwa kidole mpaka nikafika pale yanapokutana, nikaona panda: shina moja la zamani lililogawanyika mara mbili, mkono mmoja ukaenda juani na mkono mmoja kivulini. Machotara hayawezi kueleza hilo, kwa sababu shina moja haliwezi kuwa na wazazi wawili wawili. Nilirudishia udongo, nikaugandamiza, nikapiga picha kumi na moja, na sikuchukua hata jani. Karatasi ya kwanza na ya pili ni mmea mmoja, Phlegmariurus saururus, na msichana wa kidato cha tatu aliuliza swali sahihi.

Siku ya sita: Kurudi msituni

Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba karatasi ya tatu nayo itakuwa saururus tu, kitu cha katikati. Nusura niandike hivyo hemani. Lakini katika msitu wa chini upepo wa usiku ulikuwa umeangusha tawi kubwa la podo, na juu ya tawi hilo, katika zulia la kuvumwani, zilikuwapo zile nywele za kijani nilizoziona siku ya tatu.

Nazo pia ni likopodi, na pia hugawanyika panda, na pia hazina koni iliyojitenga. Mtu anayetazama alama zangu tatu za siku ya nne bila kuongeza ya nne angeziita saururus bila kusita. Tofauti iko katika majani yenyewe ukiyafuata toka shinani hadi nchani: huanza makubwa yaliyotanuka, kisha yanapungua polepole, na yale yaliyobeba vifuko mwishoni ni madogo mno, yamebana shina mpaka ncha ikawa kama uzi. Katika saururus jani lenye kifuko na lisilo nacho ni sawa. Katika huu si sawa. Isitoshe, huu huning'inia mtini na wala hausimami ardhini. Ni Phlegmariurus dacrydioides, spishi ya misitu yenye ukungu.

Nilifungua picha ya karatasi ya tatu kwenye simu nikaikuza. Ile "ncha nyembamba" niliyoizoea kwa miaka tisa ilikuwa na vifuko. Aliyeubana mmea huo aliugeuza, akauweka ukiwa umesimama wima kama zile nyingine mbili, na katika lebo hakuandika kama aliutoa mtini au ardhini. Kwa kukosa neno hilo moja, mmea wa hewani uligeuka wa ardhini katika macho ya kila aliyeutazama baadaye, mimi nikiwamo.

Siku ya saba na ya nane: Kitale, Nakuru

Kitale nilibadilisha magazeti ya kubania mara mbili kwa siku ili mimea isiote ukungu. Kisha Eldoret, kisha nyumbani.

Maabarani niliweka spora chini ya hadubini ya shule. Za Lycopodium clavatum zilionekana zikiwa na wavu juu yake, kama mpira uliofungwa kwa kamba. Za saururus hazikuwa na wavu, bali vishimo vidogo. Za dacrydioides zilikuwa na vishimo vile vile, kama inavyopasa kwa ndugu wa jenasi moja, na hapo nikaona mpaka wa msaada wa spora: zinatenga jenasi vizuri, lakini ndugu hawa wawili ni majani yaliyowatenga.

Lebo za zamani sikuzitoa. Desturi ya makavazi ya mimea ni kwamba jina la kwanza hubaki, hata likiwa na kosa, na anayelisahihisha hubandika kijikaratasi kipya chini yake chenye jina, tarehe na mkono wake, ili atakayekuja baada yake naye aweze kumsahihisha. Nilibandika vijikaratasi vitatu. Kwenye viwili niliandika Phlegmariurus saururus, nikaongeza "umbo la juani" kwenye kimoja na "umbo la kivulini" kwenye kingine. Kwenye cha tatu niliandika Phlegmariurus dacrydioides, na chini yake: "Huenda ulikuwa unaning'inia mtini, lebo ya awali haikueleza."

Nakala za vipande vyetu nimezifunga kupelekwa kwenye makavazi ya mimea ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, pamoja na vipimo vyote na picha za lile fungu la jiweni. Jumatatu karatasi tatu zitarudi mbele ya darasa, na kabla sijasema jina lolote nitawapa wanafunzi lenzi na rula.